Kabla ya Koleo

Mama alitafuna upande wa kulia tu kwa miaka tisa. Sisi wanawe tuliliona hilo tukalizoea, kama mtu anavyozoea mlango wa kwao usiofungika mpaka uuinue kidogo. Nyama ya mfupa aliwapa wajukuu. Mahindi ya kuchoma aliwanunulia wengine. Muwa, ambao enzi za usichana wake aliumenya kwa meno, ukabaki kuwa hadithi. Ukimuuliza anasema, "Ni uzee, mwanangu." Alianza kusema hivyo akiwa na miaka 52.

Nyumbani kwetu Usa River, chini ya Mlima Meru, jino lilikuwa na tiba moja. Likianza kuuma unasukutua maji ya chumvi. Likizidi unang'ata karafuu. Likikunyima usingizi usiku wa tatu, unakwenda kung'oa. "Dawa ya jino ni kung'oa" ni msemo tuliokua nao, na hata leo ukishika shavu ofisini, wa kukuambia hivyo hakosekani. Baba aling'olewa manne. Dada yangu mkubwa alichimbuliwa chonge zake akiwa kichanga, hata hazijatoka, kwa sababu alikuwa akiharisha na kuchemka mwili, na mama mmoja wa mtaani akasema mtoto ana meno ya plastiki. Waliozaliwa miaka ya 1980 wanaikumbuka imani hiyo. Ule uvimbe mweupe kwenye fizi, ambao ni chonge ya kawaida inayojiandaa kuota, unaonekana ndio ugonjwa wenyewe, basi unachokolewa kwa ncha yoyote iliyo karibu. Wapo watoto waliokufa kwa kutoka damu na kwa maambukizi. Dada alipona, lakini chonge zake za ukubwani ziliota zimepinda, na kwenye picha zote za shule amefumba mdomo.

Mimi niling'olewa magego mawili, la kwanza nikiwa na miaka 19, la pili nikiwa na 24. Hilo la pili linaniuma moyoni mpaka leo. Zahanati ile siitaji. Niliketi, nikaonyesha linapouma, ikaja sindano, likaja koleo, ikaja pamba na "ng'ata hapo nusu saa," nikalipa shilingi 20,000, nikatoka. Hakuna picha iliyopigwa. Hakuna aliyeniuliza kama ningependa lizibwe. Nililitazama likiwa kiganjani: tundu lenyewe lilikuwa dogo, na mizizi yake miwili ilikuwa mizima, imara, imenyooka. Sasa hivi gego la juu lililokuwa likisagana nalo limeshuka kulifuata pengo, kwa kuwa jino lililokosa mwenzake halitulii mahali pake, na la nyuma yake limeinama kuja mbele. Chakula kinanasa hapo kila siku. Jino moja lilitolewa, yakaharibika mawili mengine.

Kwa hiyo naandika haya kwa ajili ya yule ambaye wiki hii ameshika shavu na nauli ya kwenda kung'oa iko mfukoni. Kabla ya koleo kuna mengi. Nimeyajua nikiwa nimechelewa, na mama amechelewa zaidi yangu.

Aliyetuamsha ni muuguzi wa kliniki ya kisukari. Mama ana kisukari tangu mwaka 2014, na ni mgonjwa mtiifu: dawa anameza kwa saa, ugali amepunguza, chai ya sukari ameiacha kabisa. Hata hivyo kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa kikirudi juu: mara 9.4, mara 9.6, mara 9.4 tena. Daktari akaongeza dozi. Siku hiyo yule muuguzi aliweka kalamu mezani akamuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, ukipiga mswaki unatoka damu?" Mama akajibu, "Si ndiyo kawaida?" Muuguzi akaandika barua ya kwenda kwa daktari wa kinywa na meno pale pale.

Daktari mwenyewe alikuwa dada mdogo, labda miaka thelathini. Alimwamkia mama, akamlaza kwenye kiti, akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye mistari ya milimita, akaanza kukipitisha kati ya jino na fizi, mahali sita kwa kila jino, huku akitaja namba na msaidizi wake akiandika. "Tatu, mbili, tatu. Nne, tano, saba. Sita, tano, saba." Chumba kilikuwa kimya, zinasikika namba tu. Baada ya meno kama manane mama aliinua mkono.

"Mwanangu, hizo namba ni za nini?"

"Ni kina cha mfuko, mama. Fizi nzima imelikumbatia jino, kijiti kikiingia hakizidi milimita tatu. Hapa kwako kimezama saba."

Kisha akatueleza. Ule ukoga laini unaojikusanya kwenye meno kila siku usipoondolewa hugeuka kuwa ugaga, mgumu kama jiwe, na juu ya ugaga bakteria huweka makazi. Mwili unapigana nao, fizi zinavimba na kutoa damu, na katika vita hiyo mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu. Hakuna maumivu, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu sisi tumefundishwa kwamba hospitali ya meno unakwenda kwa ajili ya maumivu. Jino halitoboki, halina weusi, linaanza tu kucheza. Siku moja unang'ata andazi, linabaki humo.

Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. Kwa mtu mwenye ugonjwa mkali wa fizi, ukikusanya sehemu zote zilizochubuka ndani ya ile mifuko ukazitandaza pamoja, zinaweza kukaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. "Mama, wewe una kisukari. Ungekuwa na kidonda cha ukubwa huu mguuni, ungelala nyumbani miaka tisa?" Mama hakujibu. Wagonjwa wote wa kisukari ninaowajua wanaogopa kidonda cha mguu kuliko kitu kingine chochote. Wanakagua vidole kila jioni kwa kioo. Hakuna aliyewaambia wakague mdomo.

Mambo haya mawili yanalishana. Sukari ikiwa juu, fizi hushindwa kupigana na bakteria wala haziponi haraka. Fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu, sumu za ule uvimbe huingia kwenye damu na kuizuia insulini, ile homoni inayoshusha sukari, kufanya kazi yake, sukari inapanda tena. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kutibu fizi kwa mgonjwa wa kisukari hushusha kile kipimo cha miezi mitatu kwa wastani wa karibu 0.4. Inaonekana namba ndogo, lakini kuna vidonge vinavyouzwa ghali kwa ajili ya kushusha kiasi kisichozidi hapo sana.

Tiba yenyewe ilikuwa ziara mbili, upande mmoja kwa siku. Sindano ya ganzi, kisha mashine yenye ncha inayotetemeka na kunyunyiza maji, kisha vyuma vya mkono vya kukwangua mizizi chini ya fizi. Mama aliomba aonyeshwe kinachotoka. Daktari alimwekea kwenye karatasi laini: vipande vya kahawia iliyokoza, karibu vyeusi, vigumu kama kokoto za mtoni. Mama alivigusa kwa kidole akasema, "Yaani haya nilikuwa natembea nayo kanisani." Meno matatu hayakuokolewa, yalikuwa yakicheza huku na huku na mfupa umekwisha. Sipingi koleo. Napinga koleo kuwa ndilo swali la kwanza na jibu la mwisho. Mama aliingia na meno 17, akatoka na 14.

Wiki zilizofuata alilalamika meno yamekufa ganzi, maji ya mtungini tu yanamchoma. Majirani wakamwambia, unaona, kusafishwa meno kunalegeza meno. Nimelisikia hilo kila mahali, Arusha na Dar es Salaam, na watu wenye akili zao wanalisema. Ukweli ni kwamba fizi zilizovimba zinaponywea, mizizi iliyokuwa imefunikwa na uvimbe na ugaga inabaki wazi kwa muda, ndiyo inayohisi baridi. Na jino lililoonekana imara kwa sababu lilishikwa na ugaga pande zote halikuwa imara. Ile hali ya kuchomwa na maji ilipungua baada ya kama wiki tano kwa dawa ya meno maalumu ya ganzi.

Miezi mitatu baadaye kipimo kilisoma 8.7, kwa dozi ile ile. Daktari wa kisukari alitahadharisha kwamba si fizi peke yake: mama alikuwa ameanza kutafuna vizuri, anakula maharage na mboga za majani badala ya ugali laini na supu. Mimi nikaona hilo nalo limetokana na mdomo.

Wapo wengine ambao mdomo wao si wa kucheza nao. Mtu mwenye ugonjwa wa valvu za moyo, yaani milango yake ya kupitisha damu, hasa aliyewekewa valvu ya bandia, amwambie daktari wa meno kabla hajaketi kwenye kiti, kwa sababu bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa kwenye valvu, na daktari ataamua kama anahitaji dawa ya kinga kwanza. Mjamzito naye. Mama alikuwa akisema, "Kila mtoto amenichukulia jino moja," nasi watano tulikua tukiamini kwamba tulimnyonya meno. Mtoto aliye tumboni hachukui kalisi ya jino la mama yake. Fizi huvimba kwa sababu ya homoni, kutapika kwa asubuhi huleta asidi mdomoni, mama anakula kidogo kidogo usiku kucha, na juu ya yote anaambiwa asiguswe meno mpaka ajifungue. Kusafishwa na kuzibwa meno wakati wa ujauzito ni salama, na kipindi cha katikati ndicho chepesi zaidi kwake kulala kwenye kiti. Nilimsomea mama maelezo haya kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nimewasingizia."

Jino langu la tatu liliamka usiku, nikiwa Tabata, Dar es Salaam, mwaka juzi. Wanaojua maumivu ya jino la usiku wanajua kwamba linapiga kwa mdundo wa moyo, na ukilala linazidi. Niliweka karafuu, kama tulivyofundishwa, na karafuu si ushirikina: ndani yake kuna mafuta ya yujenoli, yanayotia ganzi. Madaktari wa meno wameyatumia kwa vizazi, wakiyachanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Ndiyo maana vyumba vingi vya meno vinanukia kama ghala la Pemba. Lakini karafuu hunyamazisha, haiponyi.

Asubuhi nilikuwa nusura ninunue vidonge vya amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kwenye duka la dawa, kama nilivyozoea. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hili tunalifanya sote. Bakteria wakishaingia kwenye kile chumba cha ndani cha jino, mshipa hufa, na mshipa ukifa damu haifiki tena ndani. Kidonge unachomeza husafiri kwa damu. Kinaweza kutuliza uvimbe wa nje kwa wiki mbili, lakini ndani ya jino hakuna njia ya kufika, basi ugonjwa unalala tu na kuamka. Tunarudia vidonge mara tatu, mara nne, mpaka vinazoeleka kwa vijidudu. Ni lazima jino lifunguliwe. Na kama shavu limevimba hadi chini ya taya, ulimi umeinuliwa, kumeza kunashindikana au mdomo haufunguki, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Kimbia hospitali kubwa usiku huo huo. Uvimbe wa namna hiyo huziba koo, na watu hufa kwa jino.

Daktari alipiga picha ndogo ya jino, akaniambia linaweza kuokolewa kwa kutibu mizizi. Mtaani wanaita kuua mshipa, na jina hilo limewatisha wengi. Kwa ganzi iliyoshika vizuri sikuhisi lolote zaidi ya kuchoka taya. Alitandika kitambaa cha mpira chenye tundu, jino likachomoza peke yake kama kisiwa, mate yasiingie. Akafungua juu, akatafuta mifereji: mitatu. Kila mmoja akaupima urefu kwa kifaa kinacholia kinapokaribia ncha ya mzizi, akausafisha kwa visindano laini vinavyopinda, vyembamba kuliko uzi wa kushonea magunia, akaosha kwa dawa ya klorini mara nyingi, kisha akajaza gutapecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini Mashariki uliokaushwa, unaofanana na mpira mgumu. Ziara mbili, halafu krauni ya kulifunika, kwa kuwa gego lililotolewa mshipa hupasuka kirahisi. Niliambiwa nisiahirishe krauni. Niliahirisha miezi minne kwa sababu ya ada ya shule, nikawa natafuna kwa hofu kila siku.

Gharama ilikuwa shilingi 250,000 kwa mizizi, na krauni zaidi ya hapo. Ukilinganisha na 20,000 za kung'oa, ninaelewa kwa nini watu wanachagua koleo, wala simlaumu mtu. Ila hesabu ya kung'oa haiishii siku ile. Ungeniuliza mimi, mwenye mapengo mawili, ningekuambia bei yake bado nailipa.

Sasa mtoto. Mwanangu alikuwa na miaka saba nilipoona doa jeusi kwenye gego la nyuma, chini kushoto. Nikasema moyoni, la utotoni hilo, litang'oka. Sikujua kwamba karibu na miaka sita gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya meno ya utoto, kimya kimya, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Hakuna pengo, hakuna jino la kurushwa juu ya bati, kwa hiyo wazazi hatujui kwamba limefika. Linakuja na mifereji mirefu juu yake ambayo nywele za mswaki hazifiki chini, na mtoto wa miaka sita bado anapiga mswaki wa kucheza. Kati ya meno ya ukubwani ndilo linaloharibika mapema, na ndilo analotakiwa kuwa nalo mpaka uzeeni. Kama una mtoto wa umri huo, leo usiku washa tochi ya simu, hesabu kuanzia katikati kwenda nyuma. La sita ni hilo. Likiwa zima, daktari anaweza kupaka utando mwembamba wa kuziba ile mifereji, dakika chache, bila sindano.

La mwanangu lilikuwa limeshatoboka. Nilimpeleka hospitali ya serikali nikiwa nimejiandaa kwa mashine na kilio. Daktari hakuwasha mashine. Alichukua kijiko kidogo cha chuma, mdomo wake mdogo kuliko punje ya mchele, akakwangua ile sehemu laini iliyooza, mtoto anatazama dari. Akachanganya unga na majimaji kwenye karatasi mpaka ikawa nzito kama uji wa kukoroga, akajaza tundu, akapaka mafuta kwenye kidole cha glovu, akakandamiza kwa kidole, akahesabu. Akaondoa iliyozidi. "Asile kitu kwa saa moja." Basi. Mwanangu akauliza kama anaweza kuangalia kwenye kioo.

Nilipomwambia daktari kwamba nimeshangaa, yeye ndiye aliyenishangaza zaidi. Njia hii, inayotumika leo katika nchi nyingi, ilianza hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye kazi za chuo cha meno cha Dar es Salaam vijijini, ambako hapakuwa na umeme wa kuendesha mashine. Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi hapa, ndiye jina linalotajwa nayo zaidi. Baadaye ilifanyiwa majaribio Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likainadi. Ule mchanganyiko wa unga na majimaji hushikamana na jino wenyewe na huachia floraidi, madini yanayoimarisha jino, kidogo kidogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na maji ya madini ya fedha na floraidi, ambayo tone lake likipakwa kwenye jino lililooza husimamisha uozo, ingawa huacha doa jeusi. Njia ya kuziba iliyozaliwa kwetu, ya bei nafuu, isiyo na maumivu, na bado tunawaambia watoto, "Usipotulia nitakupeleka ung'olewe jino!"

Neno floraidi kwangu lina historia. Mimi ni mtoto wa maji ya Meru. Karibu na kwetu kuna mahali panaitwa Maji ya Chai, na wazee husema jina limetokana na rangi ya mto. Mlima ni volkano, maji yanapita kwenye miamba yake na kubeba floraidi nyingi, zaidi sana ya ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa mwisho. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaumbika bado yamo ndani ya taya, yanaota na mabaka ya kahawia. Magadi ya kulainishia maharage huongeza. Kwa baadhi ya watoto floraidi imezidi hadi miguu ikapinda. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floraidi inabaki. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na maji ya mvua yakikingwa kwenye tangi safi hayana shida hiyo.

Meno yangu ya mbele yalikuwa ya kahawia. Nilipofika Dar kusoma, watu waliniuliza kama navuta sigara. Kwa hiyo nilipozaa niliapa mwanangu hataonja floraidi, nikawa natafuta dawa za meno zisizo nayo. Hapo ndipo nilipomkosea. Madhara ya Meru yanatokana na kumeza nyingi kila siku utotoni. Dawa ya meno kazi yake ni juu ya jino, ikiligusa na kuliimarisha. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Anatema, wala hasukutui kwa maji mengi, ili ile kidogo ibaki ikifanya kazi. Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo isiyokosekana, kwa sababu ukilala mate hupungua na jino hubaki bila mlinzi.

Kuhusu yale mabaka: nilisugua kwa ndimu na chumvi, nikasugua kwa mkaa. Yalibaki, nikapoteza ung'aavu. Mwishowe daktari aliondoa tabaka jembamba sana kwa asidi kidogo na unga wa kusugua, akiwa ameikinga fizi, kisha meno mawili yaliyokuwa na vishimo akayafunika kwa zege laini la rangi ya jino linalogandishwa kwa mwanga wa buluu. Alinieleza kuna njia ya vigae vya kauri pia, lakini inakata zaidi jino lililo zima, na lililokatwa halirudi. Nilichagua inayokata kidogo. Kicheko changu sasa kina meno.

Mapengo ya mama yalibaki kuwa swali. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na kwa muda mrefu walikuwa sahihi. Mwaka 1952 Msweden Brånemark aligundua, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba mfupa hushikamana na titani hadi hautenganishiki, na mwaka 1965 akampandikizia mtu wa kwanza. Skrubu ya titani inaingizwa kwenye taya, mfupa unapewa miezi kadhaa kuikumbatia, kisha jino linafungwa juu yake. Linatafuna kama la kuzaliwa. Tulilitaka kwa mama. Tulitajiwa milioni mbili kwa jino moja, lakini bei haikuwa kikwazo pekee: sukari ya 8.7 na mfupa uliokwisha kuliwa vinafanya kidonda kichelewe kupona na skrubu ianguke. Daktari yule yule, ambaye angeweza kuchukua fedha zetu, alituambia subirini. Mama akatengenezewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, upande wa kushoto, kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Usiku anayavua, anayasugua, anayalaza kwenye kikombe cha maji. Wiki ya kwanza yalimchubua, akarudi, yakasuguliwa kidogo. Watu wengi huishia hapo, wanayafunga kwenye leso na kuyaweka kabatini, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kurudi kurekebishwa ni sehemu ya tiba.

Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa. Ukisoma namba kama hiyo unadhani kinywa kingekuwa kwenye kila kliniki. Kwetu, mama alikwenda kliniki ya kisukari kila mwezi kwa miaka, akapimwa macho, miguu, figo, na mdomo aliojibia maswali yote haukufunguliwa mara moja. Nashukuru kwa yule muuguzi. Namwomba kila muuguzi wa kisukari, wa wajawazito, wa moyo, aulize lile swali moja la damu na mswaki. Na wewe unayekwenda, uliza kadi yako ya bima inalipia nini kabla hujalala kwenye kiti, na uliza kwa sauti: "Daktari, linaweza kuokolewa?" Kama uko Dar, pale Muhimbili kuna chuo cha meno, na wanafunzi wanaosimamiwa na walimu wao hukutazama kwa makini.

Mama sasa anarudi kila baada ya miezi mitatu. Anazijua namba. Anapolala anazifuata kwa vidole juu ya tumbo, na ikitajwa tano anafungua jicho moja. Saba haijasikika tangu mwaka jana.

Ijumaa napanda basi kwenda nyumbani. Jana alipiga simu kunikumbusha vile vibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno, ambavyo Usa River havipatikani. Nikamwambia nimeshanunua pakiti tatu za buluu, zile zile za siku zote.

"Za buluu zinapwaya siku hizi," akasema. "Uvimbe umeisha. Niletee za njano."